Winchi mpya, betri haikai: huduma ya fundi umeme wa magari, Unga Ltd, Arusha

Kama umefunga winchi, ile mota yenye kamba ya kujivuta ukikwama, kwenye Land Cruiser yako na tangu hapo betri haikai, usikimbilie kununua betri nyingine. Lipeleke gari kwanza kwa mtu mwenye mita ya kupimia volti na ampea, na subira ya kuitumia. Mimi nilimpata mtaa wa Unga Ltd, ndani ndani huko kwenye magereji, na nimeona niandike kuhusu kazi yake kwa sababu madereva wenzangu wa utalii bado wanamwaga hela kwenye betri ambazo hazina kosa lolote.

Gari langu ni la kazi: injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, alternata (inayochaji betri injini ikizunguka) ya ampea 80, betri moja ya N70, yaani ya ampea-saa 70. Winchi ni ya volti 12 yenye uwezo wa pauni 9,500, yaani kama kilo 4,300, ya rimoti. Ilifungwa Novemba kwenye gereji moja mjini, ili iwe tayari kabla ya msimu wa utalii wa Ndutu, kule mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro. Kabla ya hapo gari lilikuwa likikaa uani wiki nzima na asubuhi linawaka kwa mguso mmoja. Baada ya hapo, likilala siku tatu nne bila safari, ukipiga stata unasikia "tak" moja na taa za dashibodi zinafifia. Betri mpya ikaingia, na yenyewe ikaanza tabia hiyo hiyo. Muuza betri akasema alternata ndiyo mbovu. Waliofunga winchi wakasema betri ni feki. Kila mmoja alimtupia mwenzake mzigo, na hakuna hata mmoja aliyeshika mita.

Huyu mzee wa Unga Ltd alianza kwa kuniambia jambo ambalo mafundi wengi hawapendi kusema: "Mwanangu, leo sikutengenezei kitu. Liache gari hapa, betri ilale, kesho asubuhi tupime." Sababu yake ni ya msingi. Betri iliyotoka kuchajiwa na gari barabarani inadanganya, inaonyesha volti za juu kuliko hali yake halisi. Ikipumzika usiku kucha ndipo inasema ukweli: 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu hivi, chini ya 12 iko hoi. Yangu asubuhi ilisoma 12.1. Akaitoa, akaichaji polepole mpaka ikajaa, akaipiga kipimo cha mzigo. Ikasimama imara. Akaiwasha gari, akapima kwenye vichwa vya betri: 14.1. "Alternata nzima, betri nzima. Sasa tutafute anayekunywa umeme."

Hapa ndipo nilipomheshimu. Alifungua klampu ya hasi, akaiunga mita katikati ya klampu na kichwa cha betri, upande wa ampea kumi, akamkataza kila mtu asiguse ufunguo, maana stata ikipigwa hapo mita inaungua. Milango ikafungwa, redio ikazimwa, tukasubiri. Mita ikatulia kwenye ampea 0.38. Kwa gari la aina hii lililozimwa, alisema, haitakiwi kuzidi 0.05. Msaidizi wake akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Namba haikusogea. Ukichomoa fyuzi zote na unywaji bado unaendelea, huyo mnywaji hapiti kwenye kisanduku cha fyuzi. Kwenye gari langu, ukiacha stata na alternata, kitu pekee kilichounganishwa moja kwa moja kwenye betri ni winchi. Mzee akafungua nati ya waya wa winchi, na mita ikashuka palepale hadi 0.03.

Akakifungua kisanduku cha kontakta, swichi kubwa ya umeme inayoendesha mota, kilicho juu ya winchi. Ndani kulikuwa na utando wa tope kavu, na kile kibodi kidogo (bodi ya saketi) kinachopokea mawimbi ya rimoti kilikuwa na michirizi ya kijani kwenye miguu ya rilei, zile swichi ndogo za umeme. Kifuniko cha mpira cha soketi hakikuwepo, maji yalipitia hapo. Kibodi kile kinakaa macho saa zote kikisubiri rimoti, hata gari likiwa limezimwa, na unyevu ulikuwa umekifanya kivute umeme mara nyingi zaidi ya kawaida yake. Akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi: 0.35 mara saa 24 ni kama ampea-saa 8.4 kwa siku. Siku nne unapoteza zaidi ya 33 kutoka kwenye betri ya 70. Karibu nusu ya betri imekwenda na gari halijatoka getini. Kuna madereva wana tatizo hili hili nao wanaambiwa "betri za siku hizi hazidumu". Betri inayoshushwa nusu na kupandishwa kila wiki haiwezi kudumu, iwe ya bei gani.

Angeweza kuishia hapo, na ningelipa nikaondoka. Lakini alitaka kuiona winchi ikifanya kazi. Tuliivuta pikapu moja mbovu iliyokuwa uani, breki zimekamatwa kidogo, injini yangu ikiwa inanguruma. Akazungushia mita ya koleo, inayopima ampea bila kukata waya, kwenye waya wa winchi: ampea karibu 200. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na ncha nyingine kwenye hasi ya winchi. Kama njia ni safi, hapo volti zinatakiwa ziwe chache sana. Zilikuwa 1.9. Waya wa hasi wa winchi ulikuwa umefungwa kwenye bampa, juu ya rangi, na umeme wote ulikuwa unarudi kupitia bolti za bampa, chasisi, na ule mkanda mwembamba wa athi unaounganisha chasisi na hasi ya betri. Volti 1.9 mara ampea 200 ni wati 380 zinazoungua bure kwenye njia. Aliniambia niguse bolti. Niliiondoa mikono haraka.

Kingine kilichonitisha ni waya wa chanya. Ulipitishwa nyuma ya grili bila kuvalishwa mpira, na mahali unapogusana na fremu ya rejeta ngozi yake ilishaanza kulika. Waya huo hauna fyuzi. Ukigusa chuma, betri nzima inamwagika hapo, na gari linawaka moto porini na wageni ndani. Sijui dereva gani anaweza kulisoma hili asiende kufungua boneti.

Kazi aliyofanya ni hii. Aling'oa nyaya zote za winchi, akaweka mpya za shaba za milimita 35 za mraba. Alikata kipande mbele yangu na kukikwangua kwa kisu kuonyesha ni shaba mpaka ndani, kwa sababu zipo sokoni nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, nene kwa macho na dhaifu kwa kazi. Hasi ikaenda moja kwa moja kwenye betri. Chanya ikavalishwa bomba la mpira na kupitishwa mbali na rejeta, na karibu na betri akaweka swichi kubwa ya kukatia. Hiyo swichi ndiyo iliyomaliza ugonjwa wenyewe: winchi haipati umeme mpaka niigeuze. Kibodi alikisafisha, akakikausha, akaziba soketi. Vichwa vya betri vikapakwa mafuta ya mgando. Tukarudia kuvuta ile pikapu: badala ya 1.9, mita ikasoma 0.2.

Nilimwomba pia aniongezee betri ya pili, kama nilivyoshauriwa na wengi. Alikataa. "Tenki linavuja, unataka nikuongezee tenki?" Akasema nitembee kwanza msimu huu, nikiona winchi inanizidi nirudi. Betri ya N70 nilikuwa nimeinunua kwa zaidi ya laki mbili na nusu, hivyo kuna hela aliyoiacha mezani kwa hiari yake, na mimi kwangu hiyo ina uzito kuliko sifa zote za mdomo.

Ushauri wake wa matumizi naufuata mpaka leo. Alternata ya 80 haiwezi kulisha mota inayokula 200, na kwenye mzigo kamili winchi ya ukubwa huu inapita 400. Tofauti yote inatoka kwenye betri. Kwa hiyo unavuta injini ikiwa inazunguka juu kidogo ya kawaida, unavuta kidogo, unapumzika, unaangalia mita ya volti. Ikishuka sana unasimama. Na ukishatoka kwenye tope huzimi gari upige picha, unaendelea kutembea betri irudi. Februari, kwenye ule udongo mweusi wa Ndutu, nilijivuta na kumvuta mwenzangu jioni moja, na asubuhi kambini gari likawaka kwa mguso mmoja.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu na mzee hana ratiba, anayewahi ndiye anayehudumiwa. Bei anaitaja kwa mdomo tu; ukitaka maandishi ya kampuni lazima umkumbushe zaidi ya mara moja. Msaidizi wake ana haraka, alirudisha grili ikiwa imepungua klipu mbili, ikabidi tumwite. Mahali pa kukaa hakuna, ni jua na vumbi. Gharama ya upimaji ni ndogo sana ukilinganisha na betri, lakini nyaya za shaba halisi ni ghali, jiandae.

Ukienda, fika jioni na upange kuliacha gari usiku. Kama winchi yako ina rimoti, peleka rimoti pamoja na kile kidhibiti cha waya, maana anapima kwa njia zote mbili.