Kuandika mara moja au mara mbili?

Daftari la mwenye duka anayeanza huwa na safu mbili tu: kilichoingia na kilichotoka. Sukari imeuzwa 30,000, nauli ya mzigo 5,000, basi. Jioni unahesabu fedha za kwenye droo. Zikilingana na daftari, unafunga duka. Njia hii unaijua kwa siku moja, na kwa genge la mboga naona inatosha kabisa.

Shida huanza na mali kauli. Umechukua magunia mawili ya mchele, 480,000, utalipa mwisho wa mwezi. Droo haijaguswa, daftari liko kimya, na deni lipo.

Maingizo mawili, mfumo ambao Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, huandika kila tukio pande mbili: 480,000 debiti (upande wa kushoto) kwenye akaunti ya bidhaa, 480,000 krediti (upande wa kulia) kwenye akaunti ya muuzaji wa jumla unayemdaiwa. Jumla zisipolingana, kuna kosa mahali. (Zikilingana pia kosa laweza kuwepo, mfano ukisahau tukio zima.) Kuuzoea huchukua wiki kadhaa, na debiti huwasumbua wengi. Mimi ningehamia huko siku ile ile ninapoanza kukopesha wateja.