Kuchapisha kijitabu cha mazishi ya mama River Road: huduma ilivyo

Mama akifariki Jumapili na maziko yakapangwa Jumamosi, kufikia Jumatano kamati itakuwa imeshamtuma mtu River Road, mtaa wa wachapaji jijini Nairobi, kushughulikia kijitabu. Kurasa 16 au 24, picha, ratiba ya ibada, historia ya marehemu, salamu za watoto na wajukuu. Kwa wanawake wengi wa umri wa miaka 80 na kuendelea, hayo ndiyo maandishi marefu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu yao. Kadi ya harusi ikikosewa, maharusi wapo na watacheka. Hapa mwenyewe hayupo wa kusahihisha.

Hukumu yetu tuiseme mapema: kwa kasi na bei, River Road ni vigumu kuishinda. Kwa usahihi wa maneno na sura ya marehemu, mteja asiyejilinda ataumia.

Kwanza ujue unamlipa nani. Kazi hupitia mikono mitatu: mbunifu anayepanga kurasa kwenye kompyuta, mwenye mashine, na fundi wa kukunja, kubana pini na kukata. Mara nyingi hawa hawako chini ya paa moja. Mbunifu amekodi meza na kiti ghorofani, mashine iko jengo la pili, mkataji yuko chini kwenye ghorofa ya ardhini. Ndiyo maana kosa likitokea kila mmoja humsukumia mwenzake. Swali la kuuliza kabla ya kutoa malipo ya awali ni moja tu: mashine iko wapi, na naweza kuiona? Duka lenye mashine yake ndani hutoza zaidi kidogo, lakini rangi ikitoka vibaya kwenye nakala ya kwanza, fundi anasimamisha palepale. Kwenye duka la kupeana kazi, utaiona rangi nakala zote zikiwa tayari kwenye katoni.

Mashine ni za aina mbili. Ya dijitali huchapa moja kwa moja kutoka kwenye faili, na inafaa kwa nakala chache hadi mia kadhaa. Ofseti huhitaji pleti, yaani mabamba ya kuchapia, moja kwa kila rangi kati ya rangi nne, na wino wake unataka muda wa kukauka. Inaanza kulipa nakala zikiwa nyingi sana. Mchuuzi akikushawishi uchape nakala 200 kwa ofseti siku ya Alhamisi mchana, kataa: wino mbichi ukikunjwa na kukatwa haraka hupaka ukurasa wa pili, na uso wa marehemu utaacha kivuli chake juu ya maneno ya wimbo.

Kurasa lazima zigawanyike kwa 4, kwa sababu karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Familia ikileta maneno ya kurasa 17, mbunifu ama atabana maandishi hadi wazee washindwe kusoma, ama atajaza nafasi kwa mishumaa na njiwa. Bora kupunguza salamu. Kwa ndani, karatasi ya ofisini ya gramu 80 (uzito wa mita mraba moja ya karatasi) ni rahisi, ila hunywa wino na picha hutoka zimefifia na kuonekana upande wa pili. Gramu 130 ya kung'aa inatosha kabisa. Jalada liwe gramu 250 au 300, na hapo sisitiza lipigwe mstari wa kukunjia kabla ya kukunjwa, la sivyo rangi hupasuka mgongoni na kuacha ufa mweupe. Ufa huo ndio dalili ya haraka zaidi ya duka linaloruka hatua.

Sasa picha, na hapa ndipo penye vilio.

Ukurasa mzima wa A5 una milimita 148 kwa 210. Ili uchapike vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, picha inatakiwa iwe na nukta zipatazo 1,750 kwa 2,480. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi upande mrefu ubaki na takriban nukta 1,600, ambazo zinatosha sentimita 13 na nusu tu. Ikiwa imehifadhiwa na kutumwa upya kwenye makundi matatu ya ukoo, huenda imesagwa zaidi. Itume kama faili, si kama picha, au ipeleke kwenye flashi. Picha ya studio ya zamani, ile ya sentimita 9 kwa 13 ambayo mama amesimama kando ya chombo cha maua, ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi inatosha jalada zima. Usiipige kwa simu ikiwa ndani ya fremu: kioo hurudisha mwanga. Na kama imegandamana na kioo, usiibandue, utaondoka na nusu ya uso. Iskaniwe na kioo chake.

Rangi ya ngozi huwashinda wabunifu wengi. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi, kwa hiyo uso mweusi unaopendeza kwenye kompyuta hutoka kama doa kwenye karatasi, macho hayaonekani. Dawa ni kuinua sehemu za giza za uso peke yake, kisha kuchapa ukurasa mmoja na kuutazama nje, kwenye mwanga wa jua. Wavivu huangaza picha nzima, kitambaa cha kichwani kikawa cheupe na ngozi ikawa ya majivu. Wengine hupitisha programu ya urembo: mikunjo inafutika, meno yanajipanga, na nyanya wa miaka 86 anakuwa msichana ambaye wajukuu hawamjui. Mwambie mbunifu mapema, kabla hajagusa chochote, kwamba mikunjo isiguswe. Akishaifuta na kuhifadhi faili juu ya ile ya awali, hairudi.

Kichwa pia kiwekwe mbali na ukingo. Mashine ya kukatia hula milimita chache pembeni, ndiyo maana picha ya jalada huzidishwa milimita 3 nje ya mstari wa kukata. Asiyefanya hivyo huacha utepe mweupe pembeni au hukata kilemba.

Kwenye maneno, tuanze na kichwa cha ukurasa wa historia. Vijitabu vingi huandika "Tawasifu ya Mama". Tawasifu ni ya mtu aliyeandika maisha yake mwenyewe. Hapa neno ni wasifu. Kosa lingine ni "bibi". Kijitabu kilichonakiliwa kutoka kwa mfano wa Tanzania huandika "bibi wa Kamau na Njeri", na bara ya Kenya msomaji ataelewa kwamba marehemu alikuwa mke wa Kamau. Andika nyanya, au shosho kama ndivyo walivyomwita. Wajukuu, vitukuu na vilembwe wasichanganywe kwenye orodha moja.

Kompyuta za vibandani huwa zimewekewa Kiingereza. Kila neno la Kiswahili hupigwa mstari mwekundu, kwa hiyo kosa la kweli hujificha katikati ya mamia ya makosa ya uongo, na mbunifu ameshazoea kutoyatazama. Mtegemee binadamu. Nyimbo za Kikuyu zina tatizo lake: herufi ĩ na ũ hazimo kwenye fonti nyingi za mapambo, na mahali pake hutokea kisanduku kitupu au herufi ya umbo jingine. Hata fonti ikiwa nazo, faili ikihamishwa kwenda kompyuta ya mwenye mashine bila kufungwa kuwa PDF yenye fonti zake ndani, zinapotea njiani. Prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa zote, ilikuwa safi, nakala zikatoka na visanduku: sababu huwa ni hiyo.

Halafu kuna kiunzi cha juma lililopita. Mbunifu huchukua faili ya marehemu mwingine na kubadilisha majina. Kiswahili kinamsaidia, maana "alizaliwa" ni ya mke na mume, lakini "mume wa" na "babu wa" hubaki, kwa kawaida kwenye ukurasa wa kabla ya mwisho ambapo macho yamechoka. Tafuta jina la marehemu kila ukurasa, hasa juu na chini kwenye maandishi madogo.

Tarehe ya kuzaliwa ya mama mzee mara nyingi ni ya kukisia, na kitambulisho kina mwaka tu. Usibuni siku na mwezi ili kupendezesha jalada. Mwaka unatosha, na ndani unaweza kuushikiza kwa tukio: kama mtoto wa kwanza alikuwa ananyonya hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, sema hivyo, itaeleweka kuliko tarehe ya uongo.

Orodha ya watoto ipitiwe na zaidi ya mtu mmoja, pamoja na nyumba ya mke mwenza kama ipo, na waliotangulia waandikwe "marehemu". Hili si adabu tu. Vijitabu vya mazishi vimewahi kuletwa mahakamani Kenya kwenye kesi za mirathi kuonyesha nani alitambuliwa na familia. Jina lililoachwa kwa haraka ya Alhamisi linaweza kusomwa na wakili miaka kumi baadaye.

Yote haya hukamatwa kwenye prufu. Prufu ya simu haitoshi: kwenye kioo kidogo watu hutazama picha na kupita maneno. Dai nakala moja iliyochapwa, ikakunjwa na kubanwa kama itakavyokuwa. Wapewe watu wawili, mmoja asome majina na tarehe tu, mwingine asome kwa sauti kuanzia mwanzo. Maneno 500 ya wasifu huchukua kama dakika tano mbele ya waombolezaji. Yakizidi 800, msomaji atakatizwa na kiongozi wa ibada. Wakubaliane, watie sahihi kwenye nakala hiyo, ibaki dukani. Duka linalokataa kutoa prufu ya karatasi, hata kwa malipo ya ziada, liache hata kama bei yake ni nusu.

Kuhusu idadi, wachuuzi huuliza "watu wangapi?" na kuzidisha. Si lazima kila mtu apate kijitabu kizima. Nakala 150 kamili kwa familia, wakwe, viongozi wa kanisa na wageni wa mbali, pamoja na karatasi moja moja ya A4 iliyokunjwa yenye ratiba na nyimbo kwa wengine, huhudumia umati wa watu 500 kwa gharama ndogo zaidi. Tofauti ya pesa iende kwenye karatasi nzuri ya ndani.

Siku mbaya ya kwenda ni Alhamisi alasiri, na Ijumaa ni mbaya zaidi, kwa sababu maziko mengi huwa Ijumaa na Jumamosi na foleni yote hukutana hapo. Peleka picha na maneno Jumanne, hata kama ratiba ya kanisa haijakamilika; ukurasa huo mmoja hubadilishwa mwishoni. Unapochukua mzigo, fungua katoni ya katikati, si ya juu. Hesabu kurasa za nakala tano, angalia kama karatasi moja haikuwekwa kichwa chini. Usilipe salio kabla hujapokea PDF na faili ya mbunifu yenyewe, kwa sababu mwaka ujao kwenye ibada ya kumbukumbu mtaihitaji tena, na kufikia hapo jina la mama litakuwa limeshafutwa mle ndani na kuwekwa la mwingine.