GIMP na Rangi za Picha Zetu za Mbeya: Tathmini ya Mpiga Picha

Kwa mpiga picha wa Mbeya asiyetaka kulipia programu kila mwezi, GIMP, programu ya kuhariri picha, ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi ya kusawazisha rangi, ingawa si kwa kila kitufe kilichomo. Ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na hadi leo hupakuliwa bure kwa kompyuta za Windows, Mac na Linux.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye dirisha la Color Balance, na unaeleweka zaidi huku kwetu kuliko mahali pengi. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi anga huwa la buluu iliyokolea, kiasi kwamba aliyesimama juani hupata mwanga wenye umanjano kidogo ilhali upande wake ulio kivulini, unaoangazwa na anga tu, huingiwa na ubuluu. Sherehe ikifanyika chini ya turubai la buluu, uso hupauka kama wa mtu aliyeoga akasahau kujipaka mafuta. Dirisha hilo hutenganisha vivuli, rangi za kati na sehemu zenye mwanga mwingi, na kila kundi lina vitelezi vyake vya sayani na nyekundu, majenta na kijani, njano na buluu. Kwa hiyo unaweza kupunguza ubuluu wa kivulini huku gauni lililo juani likiguswa kidogo sana, jambo ambalo kitelezi kimoja cha joto la rangi hakiwezi, kwa kuwa chenyewe huisukuma picha nzima upande mmoja.

Kabla ya kufika huko, mimi huanza na Levels, dirisha la kupanga viwango vya giza na mwanga vya kila rangi, vinavyohesabiwa kutoka 0 hadi 255. Chukua mtoto wa kipaimara mwenye shati jeupe: kifaa cha kusoma rangi kikionyesha nyekundu 205, kijani 214 na buluu 232 kwenye kola iliyo kivulini, basi ubuluu umethibitika, na kubofya hapo kwa kidondoshi cha kijivu (alama ya kuionyesha programu mahali panapopaswa kuwa bila rangi) huzileta namba hizo tatu karibu pamoja. Usibofye palipoungua hadi 255, maana hapo hakuna taarifa iliyobaki. Tena uwe mwangalifu na mashati yaliyosuuzwa kwa buluu ya kufulia, ambayo ni ya buluu kweli. Ukiyachukua kuwa kipimo, ngozi itageuka manjano. Kadi ya kijivu, ile inayopigwa picha pamoja na mhusika ili iwe kipimo, ni salama zaidi. Ngozi ikishakaa sawa, nyekundu huwa juu, kijani hufuata na buluu huwa chini.

Kitufe cha kusawazisha weupe kiotomatiki sikipendekezi. Hutanua kila chaneli (nyekundu, kijani na buluu) peke yake baada ya kutupa asilimia 0.05 ya pikseli kila mwisho, hivyo picha ya mashamba ya chai ya Tukuyu, ambayo ni kijani karibu yote, huvutwa nyekundu na buluu hadi kijani halisi kinapoteza nguvu.

Mafaili ghafi ya kamera (RAW, yaani kabla kamera haijayabana kuwa JPEG) GIMP haiyafungui yenyewe, bali hutegemea programu za darktable au RawTherapee, ambazo nazo ni za bure. Inafaa kuzisakinisha, kwa kuwa JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, na masahihisho makubwa huacha michirizi angani. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limeleta nafuu nyingine: masahihisho hubaki juu ya tabaka la picha bila kuchanganywa nayo, na unaweza kuyarekebisha mteja akirudi kulalamika.

Ukumbini hali ni tofauti. Taa ya LED ya buluu tupu haitoi karibu mwanga wowote mwekundu, kwa hiyo wekundu wa kitenge cha mama wa bibi harusi haukuingia kwenye kamera, na hakuna kitelezi kitakachourudisha. Ongea na DJ mapema, azime taa hizo wakati wa kukata keki.