Mwaka na nusu na mdadm: nyota nne, na ile ya tano nawaambia ilipokwenda

Kazi yangu ni kushuti harusi. Send-off, kitchen party, komunio, na misiba nikiitwa. Jumamosi moja ya kamera mbili inanirudisha Tabata na gigabaiti 200 hivi. Wateja wa huku wana tabia moja: video anaichukua, anashukuru, halafu baada ya miaka miwili anakupigia, "Kaka, ile ya mama akiwa hai bado unayo?" Ukimjibu huna, mtaa mzima umeshajua kabla ya magharibi.

Kwa hiyo kasi haikuwa shida yangu. Nilitaka diski ikifa, ife peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya mdadm, programu inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ila sikuanza nayo.

Nilianza vibaya, na kisanduku cha diski mbili cha Kariakoo, chenye swichi nyuma ya kuchagua diski zigawane kazi vipi. Jina lake silitaji. Muuzaji alikichomeka mbele yangu, kompyuta ikaonyesha terabaiti 7.27, akagonga kaunta: "Umeona bosi? Nane nzima hiyo!" Diski ndani zilikuwa mbili za terabaiti 4, mpya, za boksi moja. Nililipa nikaondoka na furaha yangu, na daladala ilikuwa imeshafika Buguruni ndipo akili iliponirudia: kama nane yote naiona, kioo kiko wapi? Kioo, yaani RAID 1 (RAID ni mipango ya kuunganisha diski), kinaandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili, kwa hiyo nne na nne inabaki nne, na Windows huionyesha kama 3.63. Mimi nilikuwa nimeuziwa mistari, RAID 0: kila faili linakatwa vipande, kipande huku, kipande kule. Kasi inakaribia mara mbili, lakini diski moja ikifa umebaki na vipande vya kila kitu, na video ya vipande hakuna bibi harusi anayeipokea. Ile sifuri isomeni kama ilivyo.

Nikageuza swichi, nikaformati upya, kikafanya kazi miezi mitano. Halafu siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Adapta na saketi ya kisanduku vikaungua, diski zikabaki nzima. Nikazitoa nikazichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa SATA, na Windows ikaniuliza kwa upole kama nataka kuianzisha hii diski mpya. Ndugu yangu, swali hilo usilijibu ndiyo. Kumbe kisanduku kilikuwa kinapanga data kwa mtindo wake, na bila chenyewe au pacha wake hakuna wa kuisoma. Nilizunguka siku mbili, Aggrey mpaka Msimbazi, ndipo nikampata pacha wa mwisho dukani, vumbi tupu. Data ikarudi. Nikaihamishia kwenye ekstano, diski za nje, za kuazima, nikaapa.

Ndipo nikahamia mdadm, na hiyo ndiyo ninayoipa alama leo. Ni programu ya bure ya Linux, Neil Brown alianza kuiandika mwaka 2001, haina madirisha wala picha za kuvutia. Unaandika amri. Nilichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imestaafu, RAM gigabaiti 4 tu, nikaweka Debian, aina moja ya Linux, kwenye SSD ndogo, diski isiyozunguka, nikafunga diski zangu mbili zilezile. Amri ya kuunda kioo ni mstari mmoja. Nilianza saa 3 usiku, nikaikuta imemaliza kulinganisha saa 11 alfajiri, na muda wote huo ningeweza kuitumia. Kompyuta ya kueditia inaiona kupitia Samba, programu ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao, kama folda la kawaida, na kwa waya wa mtandao nakopi megabaiti 110 hivi kwa sekunde. Kwa hapo hata mistari isingenisaidia, waya ndio mwisho wake. Na anayetaka kasi ya kueditia siku hizi anunue SSD moja, aache diski mbili za kuzunguka zipumzike.

Kabla ya kuiamini niliitesa. Nilizima, nikatoa waya wa diski moja, nikawasha. Video zote zipo. Nikazitoa diski zote nikazifunga kwenye kompyuta nyingine kabisa yenye Linux: ikazitambua, kwa sababu maelezo ya kioo yameandikwa kwenye diski zenyewe, si kwenye kisanduku wala madabodi. Hapo nilikumbuka zile siku mbili za Aggrey nikacheka peke yangu.

Mtihani wenyewe ulikuja mwezi wa kumi na nne. Ukifungua /proc/mdstat, faili la Linux linaloonyesha hali ya kioo, unakuta alama ndogo, [UU], diski mbili ziko kazini. Asubuhi hiyo nilikuta [U_]. Moja imekufa, na nilikuwa nimeeditia harusi usiku mzima bila kuhisi hata kidogo. Nilikaa nikiutazama ule mstari mdogo wa chini kando ya U kama mtu anayetazama kiti kitupu mezani.

Na hapo ndipo nyota ya tano ilipokwenda. Sikuambiwa. mdadm inaweza kukutumia barua pepe diski ikianguka, lakini lazima wewe uweke anwani kwenye faili lake la mipangilio na mashine iwe na njia ya kutuma, na mimi nilikuwa nimesema nitaweka kesho. Kesho ya Mswahili. Huenda diski ilikufa jana yake, huenda wiki nzima. Kioo chenye upande mmoja ni diski moja tu.

Kubadilisha nako kuna mtego. Majina kama sdb na sdc yanaweza kubadilishana ukiwasha upya, na ukitoa diski nzima ukaacha maiti, umekwisha. Mimi sasa nimebandika utepe kwenye kila moja wenye tarakimu nne za mwisho za namba yake ya kiwandani. Mpya niliinunua duka tofauti, nikahakikisha si ya SMR, zile ambazo data hupandiana kama vigae, maana kujenga kioo upya juu yake ni mateso. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za WD Red zilikuwa za namna hiyo, kwa hiyo jina zuri kwenye boksi halitoshi, soma modeli.

Jambo jingine si kosa la mdadm, ila nimeulizwa sana. Mwezi wa Machi kijana wangu wa kamera alifuta folda la send-off akidhani ni nakala. Kioo kikatii, likafutika pande zote mbili sekunde ileile. Kilichoniokoa ni ekstano ninayoipeleka kwa dada yangu Kimara kila mwisho wa mwezi. Naye huilalamikia kwamba inakula nafasi ya sukari.

Kwa umeme wa kwetu ongeza UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, hata iliyotumika, ubadilishe betri. Yangu inanipa dakika kumi, zinatosha kuzima kwa adabu.

Nyota nne. Ile barua pepe nimeshaiweka, na nimeijaribu, inafika. Diski ya zamani iliyobaki, mwenzake na marehemu wa boksi moja, imeshafanya kazi saa 14,000 na ushee kwa hesabu ya smartctl, programu inayosoma afya ya diski. Msimu wa harusi wa Desemba hautaikuta humo.