Kipimo cha Hofstede: kinamfaa anayepokea wageni wa kikazi?

Kipimo hiki cha kulinganisha tamaduni, kazi ya mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, kinapatikana kwenye intaneti. Unachagua nchi, unaoneshwa nguzo sita, yaani vipengele vya utamaduni, kila moja na alama kati ya 0 na 100. Kukifungua ni rahisi. Kukisoma ndiko kunakowashinda wengi.

Kwa mwenyeji wa kikao, nguzo mbili ndizo zenye faida. Ya kwanza ni umbali wa mamlaka, yaani kadiri watu wanavyokubali kwamba madaraka hayagawanywi sawa: Malaysia ina 100, Austria 11. Ujumbe wa wageni ukitoka nchi yenye alama za juu, msalimie kwanza mkubwa wao, umketishe mkabala na mtu wa cheo kinacholingana, na usimuulize kijana wao swali zito mbele ya bosi wake. Atakwepa kujibu, nawe utadhani hajui kazi. Ukitoka nchi yenye alama za chini, muulize anayeijua kazi, hata akiwa mdogo kuliko wote.

Ya pili ni kuepuka mashaka, yaani kadiri watu wanavyosumbuliwa na mambo yasiyotabirika: Japani 92, Singapore 8. Wenye alama za juu wapelekee ajenda ya maandishi siku kadhaa kabla, ikiwa na saa na majina ya wahudhuriaji. Ukiingiza jambo jipya katikati ya kikao na wakanyamaza, usidhani wamekubali. Wanahitaji kwenda kushauriana, na kuwabana watoe jibu palepale huharibu hata yale yaliyokwisha kuafikiwa.

Kasoro ni nzito. Takwimu za msingi zilitoka kwa wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, kati ya 1967 na 1973. Katika hesabu za awali, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilifungwa fungu moja na kupewa alama moja! Tena alama ni wastani wa nchi, wala si tabia ya mtu: mhandisi aliyesomea ng'ambo miaka kumi hamo humo. Tofauti iliyo chini ya alama 10 ipuuzeni tu.

Adabu za vitendo hazimo kabisa. Kwa mfano, kadi ya kikazi ya Mjapani hupokelewa kwa mikono miwili, husomwa, kisha hubaki mezani hadi mwisho wa kikao. Kuandika juu yake ni kumkosea heshima. Hayo muulize katibu wa mgeni kwa barua pepe, wiki moja kabla: nani anaongoza ujumbe, kila mmoja aitwe kwa jina na cheo gani, chakula gani hawali, na saa zipi za ibada ziachwe wazi.