Mota ya shilingi 350 imenirudishia loku ya mlango wa dereva

Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikibonyeza remoti, milango mitatu inaitika, wa dereva unatoa mlio hafifu, "tik", basi. Gari langu hulala nje hapa Shela, Malindi, karibu na bahari, na upepo wa kusi ulipoanza hata huo mlio ukapotea. Nikawa nafunga kwa ufunguo, na usiku nikiwa na shaka kama nimefunga, naamka kwenda kuhakikisha.

Duka la spea lilinitajia loku nzima, tena kuukuu, kwa 4,500. Fundi akaniambia, "Ami, hizi hazifunguliwi, hubadilishwa nzima." Sikuridhika. Nikatafuta ile mota ndogo ya volti 12 inayokaa ndani ya loku na kuiendesha unapobonyeza remoti, nikaipata kwa muuza vifaa vya umeme.

Kung'oa paneli, kile kifuniko cha ndani cha mlango, si kazi kubwa: pandisha kioo hadi juu ili mkono upite, toa waya hasi wa betri, fungua skrubu, kisha vuta kuanzia chini klipu ziachie. Zangu mbili zilikatika, plastiki imezeeka. Ile nailoni ya ndani ibandue taratibu, maana ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie garini. Loku yenyewe imeshikwa na skrubu tatu ukingoni mwa mlango, za tundu la nyota ya ncha sita. Kwangu ilihitajika bisibisi ya T30.

Kasha la loku limegandishwa kwa gundi, nikalizungushia kisu chembamba mpaka likaachana. Mota ya zamani nilipoitikisa ilimwaga unga mweusi kiganjani: brashi za kaboni, zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimekwisha. Shida ikawa kung'oa kale kagea ka plastiki kwenye shafti yake, nikahamishie kwenye mota mpya. Pima kwanza kameingia kiasi gani, kisha kaloweke kwenye maji ya moto kalegee. Ukikavunja, utarudi kununua loku nzima.

Mota mpya ina kasoro moja. Shafti yake ilizidi kwa milimita mbili hivi, ikabidi niipige tupa. Nilifunga mwili wote wa mota kwa nailoni kabla ya kuanza, kwa sababu ndani mna sumaku na vumbi la chuma lingevutwa humo.

Ijaribu kabla ya kurudisha kasha. Mimi nilipoijaribu, milango mingine ikijifunga, wa dereva unafunguka. Nikabadilisha waya mbili za mota, ikakaa sawa. Gea nikazipaka grisi nyeupe kidogo.

Lakini kama kilichokwama ni ulimi wa loku, au mkono wa plastiki umepasuka, mota haitakusaidia.

Huu ni mwezi wa tano sasa. Jana usiku nilibonyeza remoti nikiwa barazani, milango yote minne ikalia kwa pamoja, nikaingia kulala.