Uzoefu wangu na mafunzo ya kujisimamia kwa vijana wenye kisukari

Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza, na alipoingia umri wa balehe nilimwandikisha katika mafunzo ya vijana yanayoendeshwa na kliniki anakotibiwa, chini ya muuguzi aliyebobea katika ugonjwa huu. Ninaandika kwa ajili ya wazazi wanaojiuliza kama mafunzo ya namna hii yanaongeza chochote juu ya maelezo ambayo familia hupewa ugonjwa unapogunduliwa. Kwa maoni yangu yanaongeza jambo moja kubwa, nalo ni kwamba anayeulizwa maswali ni mtoto mwenyewe.

Utaratibu wao ni huu: kijana huanza kwa kukaa na muuguzi peke yake, mzazi huitwa baadaye, na kijana ndiye anayemweleza mzazi yale waliyokubaliana. Kwa mzazi aliyezoea kujibu kwa niaba ya mtoto tangu akiwa mdogo, kusubiri nje ya mlango si jambo jepesi. Hata hivyo, ni katika utaratibu huo ndipo mwanangu alipoeleza kwamba alikuwa akiruka sindano ya mchana ya insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini, akiwa shuleni kwa sababu hakupenda kujidunga wenzake wakimtazama. Hakukaripiwa. Aliulizwa ni mahali gani pangemfaa, na ni nani kati ya rafiki zake angependa ajue, kisha akaandika mpango wake kwa mkono wake. Sidhani kama angeniambia mimi habari hiyo kabla ya kuwa na suluhisho mkononi.

Somo la kwanza la pamoja lilianza na habari za Leonard Thompson, mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa insulini, mjini Toronto mwezi Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 14. Vijana wale walishtuka kusikia kwamba alikuwa rika lao. Muuguzi akaeleza kuwa dawa ya kwanza haikuwa safi vya kutosha na haikumsaidia ipasavyo, ikabidi mwanakemia James Collip aisafishe zaidi, na sindano za siku 12 baadaye ndizo zilizoshusha sukari. Alitumia kisa hicho kuwaonyesha kwamba kurekebisha dozi ni sehemu ya tiba tangu siku zake za mwanzo, na kwamba namba isiyopendeza kwenye mashine ya kupimia sukari ni taarifa ya kufanyia kazi, wala si alama ya mtihani.

Jambo hilo lilikuwa na uzito kwetu, kwa kuwa miezi kadhaa kabla ya hapo sukari ya mwanangu ilikuwa ikipanda bila sababu tuliyoiona, na nyumbani hali hiyo ilikuwa imeanza kuleta maneno. Tulielezwa kuwa homoni za balehe, hasa homoni ya ukuaji, huufanya mwili uitikie insulini kwa udhaifu zaidi, kiasi kwamba mahitaji ya kijana huweza kuzidi uniti 1 ya insulini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, hata kama hajabadilisha chakula wala kuruka dozi. Kijana anayelaumiwa kwa jambo ambalo mwili wake unalifanya wenyewe hujifunza upesi kuficha vipimo, na mzazi anayelijua hilo huuliza maswali yake kwa sauti nyingine kabisa.

Somo lililonigusa zaidi lilikuwa la sehemu za kudunga. Muuguzi aliwaambia wafumbe macho na kupapasa matumbo yao taratibu kwa ncha za vidole, wakitafuta mahali palipovimba au palipo pagumu kuliko pengine. Mwanangu akakuta uvimbe laini upande wa kushoto wa kitovu, palepale alipokuwa akipapendelea kwa sababu hapaumi. Insulini inayodungwa kwenye uvimbe wa aina hiyo hufyonzwa bila mpangilio, leo ikichelewa na kesho ikifanya kazi kwa ghafla, na dawa yake ni kupaacha pahali hapo papumzike na kuzungusha sehemu za kudunga. Kwa kuwa insulini hufyonzwa vizuri zaidi kwenye ngozi isiyo na uvimbe, alishauriwa pia kuwa mwangalifu na dozi wakati wa kuhama, ili sukari isishuke kupita kiasi. Tangu hapo hujipapasa mwenyewe bila kukumbushwa.

Kuhusu kushuka kwa sukari walifanya mazoezi ya vitendo: ikiwa chini ya 3.9 (kwa kipimo cha mmol/L), kijana anatumia gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, anasubiri dakika 15, kisha anapima tena. Walifundishwa kuwa michezo ya jioni huweza kushusha sukari saa nyingi baadaye, hata usiku wa manane. Rafiki waliokaribishwa siku hiyo nao walielezwa kwamba mtu aliyepoteza fahamu halishwi wala hanyweshwi chochote, bali hupewa glukagoni, dawa inayopandisha sukari, ikiwapo na msaada wa dharura huitwa mara moja.

Baadhi ya vijana, mwanangu akiwemo, wanavaa kihisi cha sukari kinachotuma vipimo kwenye simu, na mzazi anaweza kuviona akiwa mbali. Mafunzo yalitutaka tuandikiane makubaliano kuhusu matumizi yake. Kwetu tuliafikiana kwamba simtumii ujumbe kila mstari wa sukari unapopanda kwenye simu, na kwamba ninampigia tu sukari ikishuka chini ya 3.0, au ikikaa juu ya 15 kwa muda mrefu bila yeye kusema neno. Siku ya kwanza alipoandika, “Mama, nimeiona, nimeshachoma,” kabla sijagusa simu, nilijua makubaliano yale yana kazi.

Yapo mapungufu. Kwamba kihisi hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, na kwa hiyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, kulielezwa mwishoni, ilhali ndilo jambo la kwanza analohitaji kijana anayeona namba isiyolingana na anavyojisikia. Siku za ugonjwa zilipewa muda mfupi mno. Kanuni za kutoacha kamwe insulini ya muda mrefu hata kama mtoto hali chakula, na za kupima ketoni, yaani tindikali zinazojikusanya mwili unapokosa insulini, anapotapika, zinahitaji kurudiwa hadi zikae kichwani. Uchovu wa kuishi na kisukari kila siku uliguswa kwa juu juu, na vijana wawili watatu walionekana wakitamani kusema zaidi.

Ninayapendekeza mafunzo haya kwa moyo mweupe kwa familia yenye kijana wa miaka 12 na kuendelea. Kabla ya kujiandikisha popote, ulizeni kama mtoto atapewa muda wa peke yake na muuguzi, na kama asiye na kihisi atafundishwa kusoma mwenendo wa sukari yake kutoka kwenye daftari. Waendeshaji nao nawaomba waongeze somo la kuhamia kliniki ya watu wazima, ambako kijana atatakiwa kupanga miadi na kuagiza dawa zake mwenyewe.